Kindi na Gitaa Lisilo na Tumbo

Paukwa!

Pakawa!

Nyuzi sita?

Zikazwe!

Na masikio?

Yafunguliwe!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna, nianze.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na bendi yao, ulikuja mwaka mbaya. Jua liliwaka, likawaka, likawaka. Mito ikawa njia. Visima vikawa mashimo. Nchi nzima likabaki bwawa moja tu lenye maji, na bwawa hilo lilikuwa na mwenyewe, naye ni Bwana Kiboko.

Kiboko alikuwa na mwili kama ghala na masikio kama vijiko viwili vya chai. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, Matope Jazi. Umeme wa bendi ulitoka kwa kambare mmoja mweusi, wale kambare wanaompiga mtu shoti. Unamfunga waya mkiani, anajitikisa, zzz! zzz! na spika inaamka.

Sheria ya bwawa ilikuwa fupi. Anayepiga kwenye bendi anakunywa, yeye na nyumba yake. Asiyepiga na angoje mvua.

Sasa palikuwa na Kindi, mjane mwenye watoto watatu. Mumewe, kabla hajachukuliwa na mwewe, alimchongea gitaa la umeme kwa ubao wa mninga. Halikuwa na tumbo wazi kama gitaa la Kiboko. Lilikuwa gitaa bapa, ubao mzima, jembamba kama bamba la mlango. Kindi alijua kulicharaza. Lakini siku hiyo hakuwa na hamu ya kucharaza chochote. Watoto wake walikuwa hawajanywa tangu juzi. Ndimi zao zilikuwa nyeupe. Moyo wa Kindi ukapiga, du-du-du-du, akalibeba gitaa lake akaenda bwawani.

Akaenda, akaenda, akafika.

Kiboko akainua kichwa majini, chubwi!

"Nini hicho?"

"Gitaa, Bwana Mkubwa. Nimekuja kuomba nafasi kwenye jazi."

"Tumbo lake liko wapi?"

"Halina tumbo, Bwana Mkubwa. Ni ubao."

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni.

"Sikiliza, wewe mwenye mkia mkubwa kuliko mwili. Jazi ni muziki wa walioshiba. Jazi hutoka tumboni. Kisicho na tumbo hakijashiba, na kisichoshiba hakiwezi kupiga jazi. Gitaa la ubao ni la kelele za vijana. Kwa jazi halifai. Na gitaa lisilofaa likiletwa hapa, nalichukua."

Ni kweli, alikuwa akiyachukua. Nyuma yake, kwenye matete, yalikuwapo gitaa la Ngedere, gitaa la Nguchiro, na gitaa la Kanga. Yote bapa. Hakuyapiga. Aliyalalia tu.

Kindi akakumbatia gitaa lake.

"Bwana Mkubwa, nipe siku tatu. Nitaleta lenye tumbo."

Kiboko akafikiri. Kuchukua ubao leo, au kungoja tumbo kesho kutwa? Mate yakamtoka.

"Ijumaa, alasiri. Usipoleta, ubao ni wangu. Na ukinidanganya, nitakukalia."

Hayo hayakuwa maneno ya bure. Panya Buku aliwahi kukaliwa mwaka uliotangulia. Tangu siku ile, akitaka kuingia nyumba za watu, hana haja ya kufunguliwa mlango. Anapita chini yake.

Kindi akakimbia mpaka kwa Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi, mpole, mwoga, na kila alipoulizwa jambo gumu aliingiza kichwa ndani.

"Mzee Kobe, nifanye nini?"

"Mpe ubao wake, yaishe."

"Na watoto wangu wanywe nini?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Baadaye akakitoa kidogo.

"Halafu, Bi Kindi, tuambizane ukweli. Hilo gitaa lako si la jazi. Linalia kama mwewe. Kwii! Kwii!"

Alipolitaja jina la mwewe, Kindi akageuka aondoke. Kobe naye akaona alichokisema, akaona haya.

"Nisamehe, mwanangu. Njoo ndani tulijaribu. Nina kambare mchanga wa mazoezi, yumo mtungini kwenye tope."

Wakafunga waya, zzz. Kindi akapiga. Gitaa lake lilikuwa na sumaku mbili za kunasa sauti chini ya nyuzi, moja karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia, moja karibu na shingo. Siku zote alitumia ile ya darajani, kwa sababu mumewe alipenda sauti kali.

"Kwii!" likalia gitaa.

"Mwe... mlio uleule," akasema Kobe.

Kindi akahamia sumaku ya shingoni. "Kwaa!"

Akashika kitufe cha ukali, akakizungusha chini. "Kwoo!"

Akatoa nyuzi nyembamba, akaweka nene. Akaacha kupiga kwa kucha, akapiga kwa nyama ya kidole, polepole, kama anayemlaza mtoto. "Domm."

Kobe akatoa kichwa chote nje, na shingo, mpaka ikaonekana sehemu ambayo hata mkewe hajawahi kuiona.

"Rudia."

"Domm. Doo-domm."

"Kumbe!"

"Linafaa, Mzee Kobe?"

"Masikioni linafaa. Wallahi linafaa. Tabu ni moja, Bi Kindi. Yule hasikilizi kwa masikio. Anasikiliza kwa macho."

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Mtoto mdogo wa Kindi, aliyekuwa akilia kutwa, akaacha kulia. Hapo ndipo Kindi alipoogopa zaidi. Akapanda mti, akashuka. Akapanda, akashuka. Akahesabu watoto, watatu. Akahesabu tena, watatu. Hakujua anahesabu nini.

Ijumaa asubuhi akawakuta watoto wamezunguka kibuyu kikuukuu, kilichotupwa jalalani, wanakilamba ndani wakitafuta unyevu. Kilikuwa kikavu kama mfupa. Kindi akakitazama kibuyu. Akalitazama gitaa. Akakitazama kibuyu tena.

Akakipasua katikati. Akachukua nusu, akaifunga nyuma ya ubao kwa kamba ya mgomba, akapaka masizi pande zote. Akagonga, ngo ngo ngo. Gitaa likawa na tumbo.

Kobe alipoliona akafumba macho.

"Hiyo ndiyo njia fupi ya kukaliwa."

"Najua."

"Na kamba ya mgomba hufungwa ikiwa imeloweshwa. Hii kavu haishiki fundo. Itakulegea."

"Maji ya kuilowesha ningekuwa nayo, Mzee Kobe, ningekuja hapa?"

Wakaenda. Wakaenda, wakaenda, watoto watatu mgongoni kwa Kobe, wakafika.

Wanyama walikuwa wamejaa ukingoni. Tembo yupo. Pundamilia yupo. Ngedere, Nguchiro na Kanga wapo, wanayatazama magitaa yao mateteni kwa mbali. Kiboko amekaa kwenye kiti chake cha tope, gitaa lake lenye tumbo liko pajani.

"Leta!"

Kindi akasogea. Moyo du-du-du-du. Kiboko akanyoosha kidole kimoja kinene, akagonga kibuyu. Ngo ngo ngo.

"Tumbo hilo! Haya, piga."

Wakafunga waya, zzz. Kindi akapiga. "Domm. Doo-domm." Kobe akafuata kwa fagio dogo juu ya ngoma, shaa, shaa. "Domm. Doo-domm." Shaa, shaa. Tembo akaanza kutikisa sikio moja.

Kiri!

Fundo la kwanza likaachia. Kindi akahisi kibuyu kimeteleza chini kidogo. Akakibana kwa tumbo lake. "Domm. Doo-domm."

Kiri!

Fundo la pili. Akakibana kwa goti. Jasho likamwingia machoni. Akitaka kupumua, kibuyu kinateleza. Asipopumua, vidole vinatetemeka. Akawatazama watoto. Mdogo alikuwa amelala ubavu, haangalii popote. Kindi akabana pumzi, akapiga. Akapiga wimbo mzima kwa pumzi moja, mpole, mnene, na hakuna hata aliyekohoa.

Kiboko alikuwa amefumba macho. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akisikiliza.

"Aaah," akasema. "Hiyo ndiyo jazi."

Halafu akafumbua macho, na macho yakatua kwenye kibuyu.

"Hilo gitaa ni tamu kuliko langu. Nipe."

Kindi alikuwa ameogopa kugunduliwa, siku tatu nzima aliogopa hilo tu. Hakuwa amewaza kwamba ataaminiwa kupita kiasi. Gitaa la marehemu mumewe! Miguu ikamwisha nguvu. Lakini ulimi wake ulikuwa bado una miguu.

"Bwana Mkubwa, ni lako. Ila nikumbushe, maana mimi ni mjinga. Jazi hutoka wapi?"

"Tumboni!"

"Umesema mbele ya hawa wote?"

"Mbele ya hawa wote! Jazi hutoka tumboni! Ubao haufai!"

"Basi mimi ni nani nikubebeshe ubao usiofaa? Chukua utamu, Bwana Mkubwa. Chukua tumbo. Huu ubao niachie nikaupasue kuni."

Akalegeza goti. Kibuyu kikajidondokea chenyewe mkononi. Akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa adabu, huku amepiga magoti.

Kiboko akatazama kibuyu. Akatazama ubao. Akataka kusema nataka vyote. Lakini akiutaka ubao, wanyama si watasema kumbe ubao nao una jazi? Akamnyang'anya kibuyu.

"Kuni zako peleka huko!"

"Na maji, Bwana Mkubwa? Nimepiga, wamesikia."

"Kanyweni, kanyweni, mnanichelewesha!"

Watoto wakashushwa ukingoni. Gub, gub, gub. Mdogo akanywa, akapaliwa, akalia kwa sauti. Kindi aliposikia kilio kile, naye akaanza kulia.

Kiboko hakuwa na habari nao. Alikuwa ameshafunga kibuyu nyuma ya gitaa lake. Sasa gitaa lina matumbo mawili.

"Sasa mtasikia jazi mara mbili! Kambare, tia umeme wote! Spika, juu mpaka mwisho! Isogezeni spika hapa karibu yangu, nisikie uhondo!"

Zzz! Zzzz! ZZZZZ!

Mnajua gitaa lenye tumbo wazi likiwekwa karibu na spika yenye sauti kubwa huwaje? Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tumboni. Inatoka tumboni, inaingia kwenye spika. Inatoka tena, imenenepa. Inaingia tena, imenenepa zaidi.

"Wuuu," likasema gitaa. Kiboko hakuwa hata amegusa uzi.

"Wuuuuuu!"

"WUUUUUUUUU!"

Tembo akageuka, akakimbia na kichaka kizima miguuni. Kanga akaruka. Kobe akaingiza kichwa, miguu, na fagio la ngoma. Kiboko akalitupa gitaa, akajitosa majini, chubwiii! na mawimbi yakamtoa kambare nje mpaka waya ukakatika.

Kimya.

Kichwa kikatoka majini, polepole. Macho mekundu.

"Wewe Kindi! Njoo hapa!"

Kindi angeweza kupanda mti. Lakini watoto walikuwa bado wana vichwa majini, wanakunywa. Akaenda. Akasimama mbele ya lile jitu, mdogo kama kokwa la embe.

"Kwa nini tumbo ulilonipa linalia?"

Kindi akameza mate. Siku hiyo alikuwa nayo.

"Bwana Mkubwa, wewe ndiye mjuzi wa matumbo. Tumbo likilia, huwa lina nini?"

Kiboko akakunja uso. Akafikiri. Akafikiri sana. Wanyama waliojificha wakachungulia.

"Njaa," akasema.

"Basi."

"Halijashiba!" Kiboko akapiga maji kwa mikono yote. "Limekosa wenzake! Linataka matumbo zaidi! Tangazeni! Kila mwenye kibuyu alete! Anayeleta kibuyu anakunywa, yeye na nyumba yake!"

"Na utaviweka wapi, Bwana Mkubwa?" Kindi akauliza taratibu. "Matete yamejaa mbao."

"Ondoeni takataka hizo! Kila mtu abebe ubao wake!"

Jamani! Jua halijatua, vibuyu vyote vya nchi vikawa bwawani. Vilivyotoboka, vilivyopasuka, vilivyooza. Ngedere akaleta kimoja, akanywa, akaondoka na gitaa lake. Nguchiro akaleta kimoja, akanywa, akaondoka na gitaa lake. Kanga akaleta viwili, akauliza kama anaweza kunywa mara mbili.

Tangu hapo, kila Ijumaa, Matope Jazi hupiga kwa magitaa manne ya ubao, sumaku ya shingoni, kitufe cha ukali chini, domm, doo-domm, na wanyama hucheza ukingoni. Kiboko yeye yuko pembeni, anafunga kibuyu juu ya kibuyu. Amefika cha sitini na tatu. Ukipita atakwambia ubao haufai kwa jazi. Nawe mwitikie tu, "Ndiyo, Bwana Mkubwa," halafu uiname unywe.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni moja. Msiwadanganye wakubwa hata siku moja. Kindi alidanganya, na tazameni adhabu iliyompata: amepata maji, amepata kazi, na gitaa lake anashinda nalo kutwa begani, maskini, linamlemea.

Uzi wangu umekatika hapo. Kama hadithi ni tamu, ilambeni nyote. Kama ni chungu, niachieni nimeze peke yangu.