Mahali Pasipo Mbu

Hapo zamani, katika mji wa Mtangani, palikuwa na Sultani aitwaye Mwinyi Hatibu. Mungu alimjaalia watoto wawili, kisha akamchukua mmoja kwa homa, akabaki binti, Mwanatumu. Tangu msiba huo Sultani na mkewe wakamlinda binti yao kama yai. Ngazi za jumba zikatandikwa magodoro, wala samaki hakuliwa mpaka mpishi aape kwamba hana mwiba.

Basi Mwanatumu akahitimu Kurani chuoni kwa Bi Rehani. Na ilikuwa desturi wahitimu waende mji wa jirani kusoma Maulidi, walale huko usiku mmoja. Asiyekwenda hakusomewa dua ya kuhitimu. Binti akaomba ruhusa, akanyimwa, akaacha kula. Bi Rehani akaenda barazani kumwombea, naye Sultani akamjibu kwa upole kwamba hakatai, ila ana sharti.

"Nitafutieni mahali ambapo hajapata kulala mtoto akadhurika. Hapo binti yangu atalala, hata pakiwa mbali."

Alikuwapo Chande, mfagia msikiti, fukara ambaye mjini walimwita mpumbavu, kwa kuwa kila aliloagizwa alilitenda vilevile. Akasema, "Nimesikia, Maulana," akatoka.

Akazunguka mji akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Ijumaa akarudi, akaeleza kwamba kwa Kadhi hapafai, mtoto aliumwa na nge. Na msikitini hapafai, mtoto aliteleza penye birika.

"Na hapa jumbani?" akauliza mke wa Sultani.

"Hapa hapafai kabisa, Bibi. Mpishi ameniambia kwamba juzi Mwanatumu alijikwaa kwenye godoro la ngazini, jino likamng'oka. Ingekuwa heri leo asilale hapa."

Chande akaendelea, "Lakini pako mahali pamoja nimepaona. Hapana mbu, wala mwiba, wala homa. Nimeuliza sana, na hakuna mtoto aliyelala pale akalalamika."

"Tupeleke," akasema Sultani.

Akawapeleka nyuma ya msikiti, makaburini, akasimama penye kaburi la mtoto wa Sultani.

"Ni hapa, Maulana. Wangu naye yuko pale ukutani. Tangu alipolala hajaumwa tena."

Sultani akainua mikono. Kisha akasoma Fatiha, na mkewe akaitikia amina. Walipogeuka kurudi akasema kwa sauti ndogo, "Mwambieni Bi Rehani waondoke asubuhi."

Basi wakaenda, wakasoma, wakalala, wakarudi. Mama akamkagua binti tangu utosini hadi kisiginoni, akakuta sauti imemkauka kwa kusoma, na mbu amemuuma shavuni. Sultani akamwita Chande.

"Tazama shavu hili. Kule nako si mahali salama."

"Naona, Maulana. Lakini kule watu hurudi."

Ikawa Sultani akacheka, mara ya kwanza tangu msiba ule, akaamuru magodoro yote ya ngazini apewe Chande, ambaye tangu azaliwe alikuwa akilala mkekani.

Nasi tuliobaki twasema: Mungu awalaze pema waliolala, na awarudishe kwao waliosafiri.