Picha ya Radi kwenye Ukuta wa Majabali

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya sungura kuzungumza na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, maana wengi wa waliohusika bado wanakula na kushiba, palikuwa na mji uitwao Songambele. Maji ya bomba yalitoka yalipojisikia. Umeme ulikuja kama mgeni rasmi, ukachelewa kufika na kuwahi kuondoka. Lakini ukumbi wa mieleka, wallahi, mji ulikuwa nao, na kila Jumamosi alasiri ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani.

Tusidanganyane. Mieleka yenyewe ilikuwa ya maonyesho. Mshindi alijulikana tangu asubuhi, kwenye chai. Bwana Akilimali, mwenye ukumbi, aliketi na wapiganaji wake akawaambia, "Leo wewe unashinda, wewe unaanguka." Wakakubaliana, wakamalizia maandazi. Alasiri mji mzima ukapiga kelele kana kwamba mustakabali wa nchi uko ulingoni. Kila mtu alijua, na kila mtu alijifanya hajui. Ndiyo ilikuwa raha yake.

Kitu kimoja tu hakikuwa maonyesho: mbao za ulingo. Mbao hazijui kuigiza. Ukibwagwa umebwagwa. Kwa hiyo yule anayembeba mwenzake juu ameshika amana, na amana yenyewe ni shingo ya mtu.

Basi kulikuwa na mpiganaji aitwaye Semkiwa, na jina lake la ulingoni ni Radi. Jitu la miraba minne. Aliingia amevaa kaptula nyekundu na joho la manyoya, katika joto la kuweza kukaangia samaki, na kabla ya kupigana aliwatukana kwanza watazamaji. "Nyinyi wanaume wa Songambele," alisema, "nyote mnapigwa na wake zenu!" Watu wakafurahi mno. Kuna watu hawafurahi mpaka watukanwe, na Songambele walikuwa wamejaliwa wengi.

Mwenzake aliitwa Chaurembo. Kazi ya Chaurembo ilikuwa kuanguka. Msicheke, kuanguka ni ufundi. Semkiwa akimgusa bega, Chaurembo aliruka kama aliyegongwa na treni. Semkiwa akimpulizia pumzi, Chaurembo aliyumba mpaka kwenye kamba. Nguvu alikuwa nazo Semkiwa, ila hiyo radi alipewa na Chaurembo. Na wawili hawa walikuwa marafiki wa sahani moja. Chaurembo alipomwoa Sikudhani, Semkiwa ndiye aliyesimama upande wa bwana harusi, akalia kuliko mama wa bibi harusi.

Sasa Jumamosi moja, Chaurembo ameanguka kama walivyopatana, amelala kifudifudi anangoja kumalizwa. Mwanamke mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Chaurembo, inuka!" Wa jirani yake akaitikia. Safu nzima ikaitikia. Mara ukumbi wote, "Chaurembo! Inuka! Chaurembo! Inuka!" Miaka yote ile mtu huyu anaanguka, hakuna aliyewahi kuliita jina lake. Akainuka. Hilo halikuwamo kwenye chai. Akatabasamu, akanyanyua mkono mmoja, akawapungia.

Semkiwa alimtazama akipunga. Kisha akamshika, akamnyanyua juu ya kichwa kama kawaida yao. Kawaida yao ni kumgeuza angani atue kwa mgongo. Siku hiyo hakumgeuza. Chaurembo alitua kwa kichwa.

Ukumbi ukalipuka! Haijapata kusikika shangwe kama ile. Chaurembo hakuinuka, watu wakasema, "Leo anaigiza, leo ameiva!" Wakang'oa mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, wakamlaza juu yake, wakamtoa nje. Watu wakaupigia makofi mpaka mlango.

Bwana Akilimali akashika kipaza sauti. "Ameteleza, ndugu zangu! Mkono umeteleza kwa jasho!" Semkiwa naye akasema, "Mkono uliteleza." Mji ukasema, "Maskini, mkono uliteleza." Na kwa huzuni kubwa waliyokuwa nayo, Jumamosi iliyofuata walijaa maradufu, kila mtu akitaka kumwona kwa macho yake mtu aliyevunja shingo ya mwenzake.

Chaurembo hakufa. Miguu ilikataa, mkono mmoja ukakataa, akabaki na mkono mmoja na ulimi. Sikudhani akawa miguu yake. Akamwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani asiote vidonda, mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda kama mundu. Semkiwa alituma mchele. Kila mwezi mchele ulifika, ila yeye mwenyewe hakufika hata siku moja.

Naye Semkiwa akawa mtu mkubwa. Akaitwa nchi za jirani, watu ambao hawakuwahi kuisikia Songambele wakaisikia kupitia kwake. Mvua ya upepo ilipobeba paa la wodi ya wazazi, serikali ilituma pole, na Semkiwa akapigana bure Jumamosi baada ya Jumamosi mpaka paa likarudi. Mengine tuseme tutakavyo, lakini hata watoto wa wanaomlaani wamezaliwa hawanyeshewi.

Miaka ikapita. Akilimali, aliyekuwa amezeeka na kuanza kujali historia, hasa ile anayoonekana ndani yake, akajenga Ukuta wa Majabali pale ukumbini. Picha ya kwanza itawekwa moja tu, katikati. Ikaundwa kamati: Akilimali mwenyewe, shemeji yake, na bwana mmoja ambaye hajawahi kutazama mieleka, kwa hiyo ikaonekana hana upendeleo. Kamati ikatafakari kwa kina kirefu cha soda moja, ikamchagua Radi. Picha ikachorwa, kubwa kuliko mlango.

Siku ya kuitundika, ukumbi umejaa, ngazi imeegemezwa ukutani, Akilimali ameshika nyundo na misumari. Mlango ukafunguliwa. Sikudhani akaingia akimsukuma mumewe kwenye kiti cha magurudumu, mpaka mbele kabisa.

"Bwana Akilimali," akasema, "shikamoo."

"Marahaba, Bi Sikudhani. Tumefurahi mmekuja kusherehekea nasi."

"Sikuja kusherehekea. Mimi mieleka siijui, ninachojua ni kumgeuza mtu kitandani. Lakini kama mnatafuta jabali, jabali ni huyu kitini. Yeye ndiye aliyembeba Radi miaka yote, kwa kuanguka. Wekeni picha yake. Kama hamuitaki, uacheni ukuta mtupu. Ukuta mtupu haujamvunja mtu shingo."

Akilimali akakohoa kikohozi cha wazee wenye majibu. "Mama, ile ilikuwa ajali. Halafu elewa, sisi hatumheshimu mtu, tunamheshimu mpiganaji. Mtu abaki nyumbani kwake, mpiganaji apande ukutani."

Watu wakaitikia kwa vichwa hekima hiyo. Hakuna aliyeuliza wawili hao watatenganishwaje ilhali wanavaa kaptula moja.

"Na tukisema nani anastahili hasa," Akilimali akaongeza kwa unyenyekevu, "bila mimi huyo Radi angekuwa anapakia mbao stesheni. Lakini mimi sijisemei."

Hapo Semkiwa, aliyekuwa ameketi jukwaani, akasimama. Hakuvaa joho. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Akachukua kipaza sauti, akasema, "Sikuteleza."

Akawageukia watu.

"Mkono haukuteleza. Waliita jina lake. Miaka yote walikuwa wakiita la kwangu, siku ile wakaita la kwake, naye akawapungia. Nikaona wivu. Wivu tu, ndugu zangu, hakuna kingine. Nikamwachia makusudi."

Kisha mtu mmoja kule nyuma akacheka. Mwingine akapiga makofi. Mara ukumbi wote ukalipuka, "Radi! Radi! Radi!" Walidhani ni maonyesho! Semkiwa akaanza kulia. Bwana mmoja wa safu ya mbele akamgusa jirani yake, akasema kwa kustaajabu, "Tazama, machozi halisi kabisa! Mzee huyu bado yumo." Semkiwa akapiga kelele, "Nasema kweli! Wallahi nasema kweli!" Wakashangilia zaidi. Maisha yake yote aliwafundisha wasimwamini, nao walikuwa wanafunzi wazuri.

Waliomwamini walikuwa wachache, na wawili wao ni wale wa pale mbele. Semkiwa akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya kiti. "Ndugu yangu Chaurembo. Shemeji Sikudhani. Sina uso. Sitaki picha. Msiitundike, ichomeni."

Sikudhani hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe, maana mumewe hakuonyesha kushtuka.

"Iwekeni," Chaurembo akasema.

"Unasemaje?" Sikudhani akauliza.

"Picha iwekwe. Mimi nilijua tangu siku ile. Nilivisikia vidole vyake vikifunguka. Mtu akiteleza vidole vinakaza, havifunguki."

"Ulijua?" Sauti ya Sikudhani ikashuka. "Ulijua, ukaniacha nipike mchele wa mtu huyu? Nikuletee kijiko mdomoni, na wewe unajua?"

"Ningekwambia ungefanya nini, mke wangu? Ungeongeza chuki juu ya kazi uliyokuwa nayo." Akavuta pumzi. "Nisikilize. Mimi nimeanguka maisha yangu yote ili huyu awe Radi. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya duniani, sina nyingine. Mkimfuta, mimi nilikuwa ninaangukia nini? Na picha yangu msiweke. Nani anatundika picha ya mtu aliyelala chini? Shingo ni yangu. Msamaha ni wangu. Nimemsamehe."

"Shingo ni yako," Sikudhani akajibu. "Na mgongo huu uliopinda ni wa nani? Ujana ulioishia kando ya kitanda chako ni wa nani? Umemsamehe kwa mali yangu, Chaurembo, wala hukuniuliza." Akaachia vishikio vya kiti, akarudi nyuma hatua moja. "Picha ikibaki chini, nitakusukuma mpaka nyumbani kama siku zote. Picha ikipanda, akusukume huyo uliyemsamehe. Mimi naenda kwetu."

Hapo ndipo watu wa safu ya mbele walipoanza kunyamaza. Wakawaza, hata maonyesho yana mpaka. Wa nyuma, ambao hawakusikia vizuri, waliendelea kupiga makofi.

Semkiwa bado kapiga magoti. Chaurembo anatazama picha. Sikudhani anatazama mlango. Na Akilimali, mtu asiyekosa njia ya kutoka, akanyanyua nyundo yake juu akatangaza, "Ndugu wananchi, kamati inawaheshimu. Amueni nyinyi!"

Haya basi, waamuzi wangu mliokaa mkao wa kula, mimi mate yamenikauka, zamu yenu. Semkiwa aliufanya mji ujulikane, akaezeka wodi, akavunja shingo ya rafiki, akasema uongo, akasema kweli, na picha haitaki. Chaurembo alimuumba Radi kwa mifupa yake, akaificha kweli, na ya kwake haitaki, ila ya aliyemvunja anaitaka. Sikudhani hakuwahi kupanda ulingoni, na ndiye peke yake asiyepumzika tangu pambano lile. Akilimali, loo, Akilimali hajisemei. Na nyinyi msijitoe: shangwe iliyomfanya Semkiwa awe na wivu, na shangwe iliyofuata shingo ilipolia ko, zote zilitoka viti vya watazamaji.

Je, ukuta ni wa nani? Na mwenye haki ya kusema "ipande" au "isipande" ni yupi: aliyevunjwa, au aliyembeba aliyevunjwa?