Alama Nyekundu Mia Tisa

Kwenye meza ndefu ya watafiti, ghorofa ya pili ya maktaba ya chuo, watu walikaa mwaka mzima ubavu kwa ubavu bila hata kuulizana habari za asubuhi. Mwisho wa meza, karibu na dirisha lisilofunguka, aliketi mwanamke ambaye kwao walikwisha kumwita Daktari, ingawa tasnifu yake ya uzamivu ilikuwa bado haijakabidhiwa.

Siku moja Daktari alinunua kompyuta mpya. Kwa kupenda unadhifu, akahamishia makala zake zote mia tisa kwenye folda moja safi. Lo! Alipofungua programu ya kutunza marejeleo, kila makala ilikuwa na alama nyekundu: faili haipatikani. Kumbe programu ile haikuhifadhi faili zenyewe, ilikumbuka tu mahali zilipokuwa. Faili zilikuwapo, lakini majina yake yalikuwa tarakimu tupu, na ndani yake ndimo alimoandika maelezo ya miaka minne. Tasnifu nayo ilitakiwa baada ya majuma sita, na asiyewahi angengoja mwaka mwingine.

Aseme? Thubutu! Daktari mzima ashindwe na folda? Akaanza kuziambatisha upya moja moja, kumi na tano kwa siku. Msimamizi wake alipouliza, alijibu kwamba kazi inakwenda vizuri. Mama yake alipopiga simu, alijikaza kisabuni.

"Daktari wetu, mbona sauti imekauka?"

"Mafua tu, mama."

Akishakata simu machozi humdondoka kwenye kibodi, wala hana wa kumwambia pole. Upweke ulimla taratibu kama mchwa alavyo boriti.

Ijumaa ya mwisho ikafika, naye yuko kwenye faili ya mia sita na thelathini. Saa ya kukabidhi ilipopita, mkutubi alimkuta amelaza kichwa mezani.

"Dada, unaumwa?"

Hapo yakamtoka yote. Mkutubi hakucheka. Alimpigia simu fundi aliyeiunda programu ile, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya chini tu. Fundi akapanda, akasikiliza, akajipiga paji la uso.

"Jamani! Mwaka wa tatu huu sijapata lalamiko hata moja. Nikajua faili zilizoambatishwa hazina shida."

Jumatatu alirudi na toleo jipya, lililotambua faili kwa yaliyomo ndani yake, popote ilipohamishiwa. Alama nyekundu zikafutika zote kabla chai ya fundi haijapoa.

Jirani wa kushoto, mwanamume aliyekaa hapo mwaka mzima kimya, akakohoa.

"Samahani," alisema kwa aibu, akigeuza kompyuta yake. Kioo kilikuwa chekundu tupu. "Na mimi niwekee. Nina miezi mitano naambatisha."

Daktari hakujua acheke au alie. Miezi mitano, na kati yao hapakuwa na nafasi ya kuweka kiti!

Jioni alimpigia mama yake.

"Mama, sikuwahi. Hadi mwakani."

Mama akauliza taratibu, "Na hao waliokuzunguka, hukumwambia hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Ningesema siku ya kwanza, leo ningekuwa nimekabidhi."

Ama kweli, mficha uchi hazai.