Saini ya Sajini Sikudhani

Nchi ilipotaka ndege mpya za kivita, Waziri Mnyanja alikuwa keshachagua zake: mitumba iliyopakwa rangi, kutoka kwa shemeji yake. Ilibaki saini ya Sajini Sikudhani, fundi mkuu wa kikosi, naye alikuwa ameziona nyufa za mabawa kwa macho yake.

"Ukikataa, kesho nakuhamishia getini," Waziri alimwambia.

"Nikatae nini, mheshimiwa? Chaguo la mkubwa lina kasoro?" Sikudhani akatia saini, kisha akatoa futikamba. "Haya, inua mikono nikupime kifua."

"Unanipima ya nini?"

"Ovaroli ya kurukia. Desturi ya kikosi, aliyechagua ndege ndiye hukaa kiti cha nyuma siku inaporushwa mara ya kwanza. Rais atakuwa jukwaani anakupungia."

Waziri akakohoa. Akaiomba ile karatasi, akaichana mwenyewe, na kufikia adhuhuri akawa amechagua ndege mpya kutoka kiwandani.

Marubani wakamzunguka Sikudhani. "Sajini, mbona desturi hiyo hatujawahi kuisikia?"

"Mtaisikiaje," alisema akikunja futikamba, "na imeanza leo asubuhi?"