Mlishaji wa Korona

Katika mfano huu, ndugu zangu, watu wawili nimewapa majina, maana mtu asiye na jina tunamsahau kabla hatujafika mlangoni. Mmoja ni Nathanaeli Semkiwa. Mwingine ni Eliwaza Mbwambo. Na mashine inayosaga majani ya mkonge ikaacha singa, zile nyuzi nyeupe, inaitwa korona. Iliitwa hivyo zamani sana, kabla ugonjwa haujalichukua jina hilo.

Semkiwa alikuwa mlishaji wa korona. Alisimama mdomoni mwa mashine akisukuma majani yaingie, na kazi hiyo aliianza ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Pale hapana kusinzia wala kuwaza ya nyumbani. Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima, naye alijivunia hilo kuliko kitu kingine chochote. Eliwaza alikuwa binti aliyeajiriwa juzi tu, kazi yake kuanika singa juani.

Bei ya mkonge ikaanguka. Kampuni ikatangaza kwamba itapunguza watu. Sasa, wafanyakazi wale walikuwa na chama, na chama kilikuwa na mkataba na kampuni, na ndani yake mlikuwa na kanuni hii: aliyeingia kazini mwisho ndiye atakayetoka kwanza. Basi vijana wakatoka. Semkiwa akabaki.

Siku ya kuondoka, Eliwaza alipita mbele ya nyumba ya Semkiwa, godoro kichwani. Nyumba zile zilikuwa za kampuni. Ukikosa kazi, umekosa na paa.

"Shikamoo, babu. Ndiyo tunakwenda hivyo."

"Marahaba, mwanangu. Kanuni ni kanuni," alisema Semkiwa, bila kunyanyuka kitini. "Mimi nafasi yangu nimeitolea jasho. Ninyi bado mna nguvu, mtapata pengine."

Je, alikuwa mtu mbaya? Hapana. Alikuwa mtu kama sisi, aliyeshiba na kuamini kwamba amejishibisha mwenyewe.

Vijana wale hawakutawanyika. Chama kiliwafungulia ukumbi wake mjini, wakalala humo mpaka walipopata vyumba. Mwanasheria wa chama akawafuatilia mafao yao, fundi akawafundisha kushona, na mchana walipika chungu kimoja wakala pamoja. Semkiwa alipita pale siku za gulio, akageuza uso.

Kisha korona yenyewe ikanyamaza. Kampuni ikafunga shamba, na Semkiwa akaambiwa aiache nyumba. Mkewe alikuwa anaumwa miguu, hawezi kwenda mbali. Wahamie wapi? Jamani, mngekuwa ninyi, mngehamia wapi? Alikwenda ukumbini, njia nzima akiyapanga maneno ya kuomba radhi, na alipofika mlangoni yote yakamtoka.

Eliwaza alikuwa akikoroga makande.

"Karibu, babu! Si niliwaambia atakuja? Leteni sahani, tena ile kubwa, huyu amezoea kulisha, leo alishwe!"

Watu wakacheka, wakampisha kwenye benchi.

"Na bibi yuko wapi?"

"Nyumbani. Miguu inamsumbua."

"Tutamfuata na mkokoteni. Chumba cha nyuma kiko wazi."

Semkiwa hakukigusa chakula. "Mwanangu, siku ile nilikuambia..."

"Kula, babu. Makande yakipoa yanakuwa mawe."

"Nilikuambia kanuni ni kanuni. Ilinilinda mimi, ikawatupa nje ninyi. Sasa mnanipokeaje?"

Eliwaza akaweka mwiko chini.

"Babu, kabla ya lile tangazo meneja alituita sisi vijana peke yetu. Akasema, ninyi ndio wengi katika chama, pigeni kura kanuni ifutwe. Wazee watoke, ninyi mbaki. Wewe alikutaja kwa jina."

"Mkamjibu nini?"

"Tulikwenda kufungasha."

Mzee aliisogeza sahani kando. "Na kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie, halafu usimame mdomoni mwa korona mawazo yako yako kwetu? Ingekula mkono wako."

Ndugu zangu, mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini nikifika kwenye jibu hilo nakosa la kuongeza. Waliupoteza mkate wao ili mzee asipoteze wake, kisha wakauficha wema huo ili asipoteze mkono. Ni pendo la namna gani hili, linalotoa na kisha kukaa kimya, hata likasikia linasimangwa na yule yule liliyempa, lisijitetee?

Sisi tunasema, nafasi hii nimeitolea jasho. Ni kweli, jasho tumelitoa. Lakini ni nani aliyesimama mahali tusipopaona, akaulizwa kama sisi tutolewe, akakataa? Mungu anamjua. Sisi huenda tumepishana naye njiani, tukamwona mvivu.

Basi tukikutana na mtu aliyepunguzwa kazini, tusimwulize alikosea nini. Tumkaribishe. Huenda mkate alioukosa yeye ndio tulioula sisi asubuhi ya leo.