Mti Uliodondosha Mate

Mwaka ule kijito cha msitu wa katikati ya jiji kilikauka, wanyama wakawa wanakunywa maji ya mitaroni, na hayo nayo kwa kugombana. Ndipo wenye viwanda wa mbali wakaahidi kulipia hewa ya ukaa inayomezwa na miti, malipo yachimbe kisima na kukifungia pampu, mradi miti isikatwe. Mfalme Simba akamteua Fisi kuwa mlinzi. "Ana sauti," alisema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kuhusu tumbo.

Haukupita muda Fisi akawa anachoma mkaa humo humo msituni, anaubadilisha kwa mbavu kwenye kibanda cha nyama choma. Mbavu zilikuwa tamu, asikudanganye mtu.

Habari za ukaguzi zilimkata maini. Korongo, mjumbe wa wenye viwanda, anakuja kupima miti! Fisi akachomeka matawi kila palipokuwa na kisiki, yakaisha kabla ya pengo la mwisho, pale njiani. Akajifunga majani, akainua miguu ya mbele juu, akasimama.

Korongo alipofika pale na Simba, akamzungushia futi kamba tumboni. "Mti gani huu, mnene hivi?"

"Wa kienyeji," akajibu Simba kwa maringo, maana hakupenda kuonekana hajui kitu katika himaya yake.

Fisi alitekenyeka, akauma midomo. Sungura, aliyefuatana nao, akaunusa ule mti na kutabasamu.

"Bwana Mkaguzi, tukimaliza tupite kibandani. Leo mbavu zinachuruzika mafuta."

Mti ukadondosha mate juu ya futi kamba.

"Utomvu huo," Simba akawahi kusema.

"Na mfupa wa uboho ni bure kwa atakayetangulia."

Mti ukatimua mbio! Ukaparamia matawi ya bandia, yakaanguka moja baada ya jingine, visiki vikabaki wazi. Walimkuta Fisi kibandani, majani kichwani, anauliza mfupa uko wapi.

"Miti iliyobaki italipia kisima," Korongo akasema, "lakini pampu hampati mpaka mpande upya palipokatwa na miti ikomae."

Wanyama wakaguna kwa uchungu. Simba aliona aibu kuliko wote.

"Basi Fisi ndiye atakayevuta maji kwa ndoo," akanguruma. "Tutakunywa sisi, itanyweshwa miche, kisha yeye."

Miche ilipopandwa, Fisi akaitazama ilivyojaa kila upande, ulimi nje. Tangu siku hiyo hakuna aliyeiombea miti ikue upesi kama yeye.