Kadi Iliyochuchumaa

Asiyeketi haulizwi habari. Mmeyasikia maneno hayo leo, mkaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika shule moja ya sekondari huko milimani Rungwe alikuwapo mwalimu wa kompyuta aitwaye Lutengano. Msimu mmoja wa mvua radi iliunguza kompyuta zote za shule, ikabaki moja ya mezani iliyotumia mfumo wa Linux. Hata hiyo, tundu lake la kuchomekea waya wa mtandao lilikufa. Majina ya watahiniwa themanini na wanne yalikuwa humo, nayo yalitakiwa kutumwa kwa mtandao wa shule tu, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ambaye jina lake lisingefika, asingefanya mtihani.

Jumanne Lutengano akanunua kadi mpya ya mtandao, akaichomeka, akakaza skrubu kwelikweli, akafunika mashine. Akaiamuru kompyuta itaje vifaa vyake. Ikavitaja vyote isipokuwa kadi.

Akaamua kuwa kasoro ni ya programu. Simu ilishika mtandao juu ya kilima tu, basi akapanda, akapakua programu ya kuendesha kadi, akashuka, akaiweka. Kimya. Akapanda tena kutafuta toleo jingine, matope hadi magotini. Kimya. Alhamisi alinakili majina kwenye flashi, akaifuta Linux yote na kuiweka upya. Kimya kilekile. Mkuu wa shule alichungulia kila baada ya kipindi kuuliza kama tayari, na kila alipouliza, Lutengano alizidi kusaga meno. Watahiniwa nao wakaacha kumsalimia. Walimtazama tu mikono.

Ijumaa saa nne akaifungua mashine ili aing'oe kadi akaitupe shimoni. Bi. Tusekile, mhazili wa shule, alikuwa pembeni akingoja kutuma majina. Akainama, akatazama ndani.

"Mwalimu, hii imeketi kweli? Naona huku nyuma imechuchumaa."

"Imefungwa skrubu, mama."

"Kufungwa si kuketi. Kwetu mgeni akiwa bado mlangoni haulizwi habari. Wewe siku nne unamhoji huyu, na hata hajakaa."

Lutengano akainama naye, akatazama. Akazima umeme, akalegeza skrubu. Kumbe kibati cha kadi, kile kinachofungwa skrubu, kilikuwa kimepinda kidogo, na kila skrubu ilipokazwa, upande wa pili wa kadi ulinyanyuka kutoka tundu lake. Akakinyoosha, akaikandamiza kadi kwa vidole gumba mpaka ikalia ka!

Alipowasha, kompyuta ikaitaja kadi, na taa ndogo ya kijani ikapepesa penye waya. Hakufurahi. Alikaa akihesabu safari zake za kilimani, asijue amkasirikie nani ila nafsi yake. Bi. Tusekile akavuta kiti, akaanza kutuma. Jina la mwisho lilifika saa sita kasoro dakika kumi.

Tangu hapo, mtu akimletea Lutengano mashine isiyosikia, haulizi kwanza ina programu gani. Huinua mfuniko, akapitisha kidole juu ya kila kadi, huku akisema polepole: asiyeketi haulizwi habari.